Mkono wa Kushoto wa Jemadari

Kama kuna mtu aliyemjua Jemadari kushinda mama yake mzazi, basi ni Mama Muhuri, na wala hawakupata kuonana hata siku moja. Jemadari alikwisha kulala kaburini zamani hizo, katika karne ile ya vita vya farasi na mapanga, wakati hata bibi yake Mama Muhuri hajaota jino. Lakini muulize mama huyu saizi ya buti la Jemadari, atakutajia. Muulize ni jino lipi lililomtesa vitani, atakuonyesha kwenye taya lake mwenyewe. Marehemu mumewe alikuwa na mazoea ya kuwaambia wageni, "Karibuni, humu ndani tunaishi watatu: mimi, mke wangu, na yule mwanajeshi wake." Wageni walicheka. Mwenyewe alikuwa anacheka nusu tu.

Mama Muhuri alikuwa mtunza nyaraka katika jumba la makumbusho, na kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya kila kilichopita mikononi mwa Jemadari. Alibisha hodi kwa watu asiowajua, akafunuliwa masanduku, akapanda darini na sketi yake ya kazi, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Alipata wembe, kioo cha hemani, buti moja (la pili mpaka leo halijulikani liliko), glavu ya mkono wa kulia, picha kubwa ya rangi, na barua mia moja na kumi na mbili. Sasa vyote vilikuwa vimepangwa nyuma ya vioo, katika chumba kilekile alichofanyia kazi na kupokelea watoto wa shule, na chumba hicho kilikuwa kifunguliwe rasmi Jumamosi. Mwisho wa mwezi huohuo naye angestaafu. Alitaka aondoke kifua mbele, na nani angemlaumu?

Jina la Muhuri alipewa na wenzake kazini. Mtu akileta karatasi na kusema ni ya Jemadari, alikaribishwa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Karatasi yake iliwekwa mezani, na pembeni yake ikawekwa ile waliyoiita barua mama. Hiyo ilitolewa ndani ya bitana ya koti la Jemadari. Ni barua kwa mkewe, yenye mwandiko mzuri uliolalia kulia, unaopendeza hata kabla hujajua unasema nini. Mama Muhuri alishika lenzi, akalinganisha mkia wa herufi hii na tumbo la ile. Zikifanana, karatasi ilipokewa kwa heshima zote. Zisipofanana, aliigeuza akaigonga mgongoni muhuri wa zambarau: SI YAKE. Kisha mwenyewe alirudishiwa, asante kwa kuja, kwaheri. Maneno yaliyoandikwa hakuyasoma kwanza. "Mkono kwanza, maneno baadaye," ndivyo alivyowafundisha wenzake wapya, kwa kuwa maneno matamu ndiyo yanayowalaghai watu. Na kweli, matapeli wengi waligonga mwamba kwake.

Jumanne ya wiki ile ya ufunguzi alikuja mwalimu mstaafu, mzee mwembamba mwenye sanduku la bati kwapani. Alikaa kwenye kiti cha dirishani akalipapasa lile sanduku kabla ya kulitua.

"Mama, nimesikia mnafungua Jumamosi," alisema. "Na sisi babu wa babu yetu alikuwepo vitani, ingawa hakuna anayemtaja. Alikuwa karani wa Jemadari. Hili ni daftari lake la mambo yake mwenyewe. Limekaa kabatini vya kutosha."

Mama Muhuri akafungua ukurasa wa kwanza. Akavuta barua mama, akashika lenzi, akaangalia mikia, akaangalia matumbo. Mwandiko ulikuwa uleule, hauna hata shaka.

"Mwalimu!" alisema kwa furaha. "Hili si daftari la karani. Hili ni la Jemadari mwenyewe! Unajua umeniletea nini?"

Mzee akakohoa kidogo. "Samahani, mama. Hebu soma kwanza."

Haya, akasoma. Karani alikuwa ameandika hivi: "Leo tena nimemwandikia mkewe. Yeye husema, mimi huandika, maana tangu upanga uchukue vidole vitatu vya mkono wake wa kulia, kalamu haishikiki. Ameniapisha nisimwambie mtu. Hataki askari wajue."

Mama Muhuri aliinua macho akaitazama ile picha kubwa ukutani. Jemadari amesimama, mkono wa kulia umezama ndani ya koti. Miaka thelathini na mmoja amewaambia wanafunzi kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa madaha ya wakubwa wa zamani. Halafu akaikumbuka glavu. Jamani, glavu! Ilipoletwa ilikuwa na pamba imeshindiliwa ndani ya vidole vitatu. Yeye mwenyewe, kwa kibano chake, aliichomoa ile pamba kidogo kidogo akaitupa kwenye ndoo ya taka, akidhani kuna mtu aliyeiweka ili glavu isipoteze umbo.

Kwa hiyo barua zote mia moja na kumi na mbili, zilizoandikiwa vibao vya "kwa mkono wake mwenyewe", mkono ulikuwa wa karani. Aibu, ndiyo, lakini aibu ya kumezeka. Maneno si bado ni ya Jemadari? Mama Muhuri alijikaza, akageuza kurasa, mpaka akafika mahali ambapo hapakumezeka.

"Leo amenitoa nje ya hema," karani aliandika. "Ameandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, jambo nisilopata kuliona. Niliporudi nilikuta wino umemwagika mpaka kwenye shuka. Herufi zote zimeangukia kushoto, mwandiko wa kutisha. Sikuruhusiwa kusoma. Nimeifunga kwa nta ya lakiri tu. Inakwenda kwa mama wa mpiga tarumbeta tuliyempiga risasi Jumatatu."

Mama Muhuri alifunga daftari taratibu, akaomba maji.

Alikuwa amekumbuka. Miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye kiti hichohicho, alikaa bibi mmoja mfua nguo. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji na sabuni, na gauni lake lilikuwa limepigwa pasi kwa siku hiyo tu. Alifungua kitambaa, akatoa karatasi. Mama Muhuri hakuhitaji hata lenzi. Herufi zilikuwa zimepinda upande usio wao, wino umechuruzika. "Mama yangu," alimwambia, na chumba kilikuwa na watu siku hiyo, "jemadari wa kuandika hivi? Hapa labda ni kuku aliyekanyaga wino." Watu wakaangua kicheko. Bibi naye akatabasamu kwa adabu, maana angefanyaje?

"Hata kusoma hutasoma, mwanangu?" aliuliza. "Ukifika kule mwishoni utaona ame..."

"Mama, hapa hatusomi, tunapima."

Muhuri ukagonga. Bibi akasema, "Basi sawa," akaikunja karatasi mara nne, akaondoka.

Sasa, huyo mpiga tarumbeta aliyepigwa risasi si mtu wa kutafutwa vitabuni. Alikuwa ukutani palepale, hatua tatu kutoka mezani, kwenye ubao mkubwa aliouandika Mama Muhuri kwa kalamu yake. MTORO, ndivyo ulivyoanza, kisha ukaeleza jinsi kijana yule alivyokimbia usiku wa kuamkia vita, akakamatwa, akauawa mbele ya kikosi kizima, akaacha mke mjamzito. Watoto wa shule waliipenda sehemu hiyo kuliko zote. Na mjini watu walikuwa bado wanajua ukoo upi ulitoka kwenye tumbo lile. Waliitwa wale wa mtoro.

Alikwenda kabatini, akatoa Kitabu cha Zilizokataliwa. Zilizokataliwa hazikupigwa nakala, ziliandikwa mstari mmoja tu. Akaupata. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, wa siku za majivuno: "Barua, ukurasa mmoja. Mkono mbovu, umeangukia kushoto, wino umemwagika. Si yake. Imerudishwa kwa mwenyewe." Chini yake kulikuwa na jina la mtaa na maelezo: nyuma ya karakana ya matairi.

Alilia, na hakujificha. Mwalimu mstaafu alimpa leso yake akageukia dirishani.

Kesho yake asubuhi alishika njia. Karakana ya matairi ilikuwepo bado, na nyuma yake palikuwa na chumba chenye mlango wa bluu, cherehani mbili, pasi ya mkaa, na rundo la sare za shule mpaka kiunoni. Kwenye msumari ukutani zilining'inia pateni za kukatia nguo, za mikono, za mifuko, za kola. Mwanamke wa makamo, futi ya kupimia shingoni, alikuwa anakanyaga cherehani.

"Karibu, mama. Ni la kushona au la kupunguza?"

"Namtafuta bibi mmoja aliyekuwa mfua nguo. Nimeandikiwa aliishi hapa."

"Mama alishatutoka. Mwaka wa kumi na moja huu." Fundi alimtazama vizuri. Mguu ukasimama juu ya kanyagio. "Wewe ndiye yule wa muhuri. Nilimsindikiza mama siku ile, nikabaki mlangoni. Nilikusikia ukisema habari za kuku."

Mama Muhuri alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri, ameyapanga vizuri kama hotuba. Yote yakayeyuka.

"Nilikosea," alisema.

"Rudia."

"Barua ya mama yako ilikuwa ya kweli. Jemadari aliiandika mwenyewe, kwa kushoto. Ni mimi niliyekosea."

Fundi aliondoa sindano, akaiweka, akaichukua tena. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo.

"Tulikuwa tunarudi shuleni tunalia. Tumeitwa watoto wa mtoro, tumezomewa, hata mwalimu amecheka. Basi mama anatuketisha chini, anatoa ile barua, anatusomea. Tuliijua yote kwa moyo. Tukishaisikia tunakula, tunacheza, yamekwisha. Halafu mkatangaza mnakusanya vitu vya Jemadari. Mama akasema, sasa dunia nzima itajua. Alijipigia pasi gauni mwenyewe, yeye aliyepiga pasi nguo za watu maisha yake yote." Akalisogeza rundo la sare pembeni. "Aliporudi kutoka kwako alituita wote. Akasema, wanangu, tumekuwa tukijidanganya, msomi ameiangalia. Akatuapisha tusiitamke tena. Na siku anakata roho alituomba radhi kwa kutulisha uongo. Alituomba radhi sisi! Unasikia?"

"Nasikia."

"Hukusikia siku ile."

Mama Muhuri alikubali kwa kichwa. Lililofuata hakutaka kuliuliza, alijua ni utovu wa adabu, lakini likamtoka. "Na barua yenyewe?"

Fundi alicheka kicheko kikavu. "Ya uongo nitunze ya nini? Lakini karatasi ya zamani ni ngumu, haichaniki ovyo. Sikuona sababu ya kuitupa." Akasimama, akanyoosha mkono kwenye msumari, akatoa pateni ya kola.

Ilikuwa imekatwa mviringo, kipande cha nusu mwezi, kingo zake zimelainika kwa kupitiwa na chaki. Upande mmoja kulikuwa na kivuli cha zambarau, muhuri ulionusurika nusu. Upande wa pili herufi zilianguka kushoto, zimekatika huku na huku. Mama Muhuri alisogea kwenye mwanga na safari hii, kabla ya kuangalia mkia wala tumbo la herufi, alisoma. Mkasi ulikuwa umeacha machache: "...toroka. Nilimtuma mi..." na mistari kadhaa chini yake, "...wananiangalia, nami..." Mwisho wa barua ulikuwa umekwenda na vipande.

"Shule nzima ya hapo ng'ambo wanavaa kola zake," fundi alisema. "Miaka kumi na moja."

"Nitamkie yaliyobaki. Tafadhali, dada. Niandike."

"Nilimuapia mama." Akairudisha pateni kifuani pake. "Na hii sikupi. Nina kola kumi na nne za kukata leo, shule inafunguliwa wiki ijayo. Nitazikata kwa nini, kwa machozi yako?"

Basi Mama Muhuri akafanya kitu ambacho wenzake kazini wangekiona wasingeamini. Aliokota kifuniko cha boksi, akaomba penseli, akakaa chini kwenye mkeka wa vitambaa. Fundi alimtandikia pateni juu ya boksi, na yeye akaifuata kingo kwa kingo, polepole, akishika pumzi kila kona. Kisha akachukua mkasi akakata.

"Umeikata nafasi ya mshono," fundi alisema akiwa amesimama juu yake. "Ukikata hivyo mtoto atakabwa. Rudia."

Akarudia. Ya pili fundi aliigeuza, akaipima shingoni mwake, akaitundika msumarini. Halafu alichukua kipande cha kitambaa cheupe, kisicho na doa, akaifunga ile karatasi ya zamani ndani yake.

"Utaiweka wapi?"

"Mahali pa barua mama. Katikati."

"Na ule ubao wenu?"

"Ninakwenda kuubandua."

"Nitakuja nione kwa macho yangu," fundi alisema. "Maneno yako nilishayasikia mara moja."

Mkurugenzi wa makumbusho alikuwa kijana wake. Yaani yeye ndiye aliyemfundisha kazi tangu akiwa mgeni wa ofisi, na mpaka leo alimwita mama. Alipoona ubao uko chini, umeegemezwa ukutani, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, wageni wamealikwa! Tufungue kwanza, haya mengine tutayasahihisha taratibu, baadaye."

"Baadaye yangu ina miaka kumi na tisa, mwanangu."

"Lakini unastaafu mwisho wa mwezi. Kwa nini ujivue nguo mbele za watu? Watasema ulikuwa hujui kazi."

"Watakuwa wamesema kweli." Alikuwa anakwangua gundi ya ubao kwa kucha. "Mimi nilimvua nguo mama wa watu mbele ya chumba kizima, naye hakuwa na kosa. Lete ngazi, au nipishe."

Mkurugenzi akavua koti akaenda kuleta ngazi.

Jumamosi wageni walikuja na mavazi yao mazuri. Walipita kwenye wembe, kwenye kioo, kwenye buti moja, na kwenye glavu, ambayo sasa ilikuwa na pamba mpya katika vidole vitatu na maelezo ya ukweli chini yake. Walipofika katikati walisimama. Pale ambapo barua mama ilikuwa ikae, kipande cha kola kilikuwa kimesimamishwa kati ya vioo viwili, ili kionekane pande zote mbili, ule wa herufi na ule wa muhuri. Kushoto kwake lilikuwa daftari la karani. Kulia kilikuwa Kitabu cha Zilizokataliwa, kimefunuliwa kwenye ule mstari. Kibao kilisema: "Hii ndiyo karatasi pekee tuliyonayo iliyoandikwa kwa mkono wa Jemadari. Mtunza nyaraka wa jumba hili aliikataa bila kuisoma." Mgeni rasmi alisoma, akarudia, akamtafuta Mama Muhuri kwa macho. Wengine walinong'ona. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba haya ni makubwa. Mama Muhuri alisimama pembeni ya picha, hakukimbia, hakuinamisha uso.

Fundi alikuja wakati wageni wameshaondoka na viti vinakunjwa. Alikuwa amevaa gauni la zamani lililopigwa pasi kwa mikunjo mikali, na Mama Muhuri alilitambua mara moja. Alikwenda moja kwa moja ukutani. Ubao mpya ulikuwa mfupi. Aliusoma akifuata kwa kidole: "Mpiga tarumbeta hakutoroka. Alitumwa." Alirudi mwanzo, akasoma tena, akapangusa macho kwa kiganja.

"Nisamehe," Mama Muhuri alisema nyuma yake.

Fundi hakugeuka upesi. "Fungu langu nimekusamehe," alisema. "La mama si langu kulitoa."

"Najua."

"Alikaa wapi siku ile? Mlangoni sikuweza kuona."

Mama Muhuri alimwonyesha kiti cha mbao karibu na dirisha. Fundi akakaa, akaweka mikono magotini.

"Nilimuapia sitaitamka kwa sababu ni uongo," alisema. "Kama si uongo, kiapo kimekwisha."

Akavuta pumzi, akaanza, kwa sauti ya mtoto anayetamka alichofundishwa na mama yake. "Mama, mwanao hakuwa akitoroka. Nilimtuma mimi, alfajiri, avuke mto akaangalie njia, na sikumwambia ofisa yeyote. Kisha homa ikanishika, nikasahau. Walipomleta amefungwa alinitazama, akatulia, maana alijua nitasema. Nami nilikumbuka palepale. Lakini maofisa wote walikuwa wananiangalia, nami niliona aibu kukiri mbele yao kwamba nimesahau. Nikanyamaza mpaka ikawa imekwisha. Hili sikuweza kumpa karani aniandikie. Msomee kila mtu atakayekutukana. Mwandiko ni mbaya kwa sababu mkono wangu wa kulia umepungukiwa vidole vitatu, lakini ni wangu. Atakayeisoma yote atajua."

Mama Muhuri alikuwa amesimama muda wote huo, lenzi yake imening'inia shingoni.

"Naomba urudie pale mwisho," alisema.

Fundi akarudia.